Mwalimu Aliyebonyeza Bado

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, kwa kuwa hakuna ofisi iliyokubali kuitilia saini ruhusa ya kuondoka. Jina lake siwezi kulitaja. Si kwamba naogopa. Jina lenyewe lilipelekwa kupakwa rangi upya kwa ajili ya sherehe za uhuru, na waliolipeleka hawajarudi nalo. Basi sisi tulisema "nchi yetu" tu, na ikatutosha.

Katika nchi yetu watu waliishi kwa maelewano makubwa. Kiongozi akimaliza kusema alikuwa akiuliza, "Tumeelewana?" nasi tukiitikia, "Ndiyooo." Ndivyo tulivyolelewa tangu darasa la kwanza. Mwalimu akimaliza kuandika anageuka, anafuta chaki mikononi, anauliza, "Mmeelewa?" na darasa zima linaitikia kwa sauti moja, ile ya kuvuta, inayopanda mwishoni. Tukikua tunaondoka nayo. Daktari huuliza hivyohivyo akimaliza kukuandikia dawa, na hakimu naye kadhalika. Kuna bwana mmoja wa mtaani kwetu alihukumiwa kwa kosa la jirani yake. Hakimu alipomuuliza kama ameelewa, akaitikia ndiyo kwa mazoea, akaenda. Waliomtembelea gerezani wanasema alikuwa mfungwa mzuri.

Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka Mheshimiwa Profesa Mhandisi Kapteni Makorongo, Waziri wa Elimu, Maelewano na Utulivu, alipotangaza katikati ya muhula kwamba kuanzia siku ile hakuna mtu atakayeingia darasani bila leseni ya kufundisha. Alisema taifa haliwezi kuendelea kuwaachia watu kazi ya kufundisha eti kwa sababu tu wanajua kufundisha. Dereva ana leseni, bunduki ina leseni, mbwa wa waziri ana leseni, mwalimu ni nani? Tukapiga makofi. Lilikuwa swali zuri, na uzuri wake ni kwamba hakusubiri jibu.

Leseni zingepatikana mtandaoni. Vyuo vya ualimu vyenye majengo vilifungwa wiki ileile, kwa hoja kwamba majengo huchakaa na mtandao hauchakai. Majengo yenyewe yakageuzwa kumbi za harusi. Ukialikwa huko hata sasa utaona ubao mweusi ukutani, umeandikwa majina ya maharusi, na chini yake, kwa chaki iliyokataa kufutika, maandalio ya somo la sayansi.

*

Katika shule moja ya msingi, ambayo nayo nisiitaje isije ikapewa tuzo, palikuwa na mwalimu wa darasa la kwanza aitwaye Sikudhani Mbwelwa. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini, na asiye na lawama isipokuwa kasoro moja. Watoto wake alikuwa amewafundisha kusema "bado."

Akiuliza kama wameelewa, aliyeelewa anasema ndiyo, asiyeelewa anasema bado, na hakuna anayechekwa. Mtoto akisema bado, Sikudhani anakwenda kuchutama kando ya dawati lake, anatoa vizibo vya soda mfukoni, anaanza upya. Asubuhi, madarasa mengine yakinguruma ndiyooo mpaka mabati yanatikisika, kwake ilikuwa inasikika sauti nyembamba ikisema, "Bado, mwalimu." Mara nyingi alikuwa Chiku, binti mdogo wa muuza mkaa, ambaye alichelewa kuelewa kila kitu na akishaelewa hakisahau tena. Mwalimu Mkuu, Bwana Kihwelo, alikuwa akiona aibu mbele ya wageni. Ukaguzi ukija, darasa la kwanza lilikuwa likitumwa kufagia uwanja wa mpira.

Sasa, wanaoijua kazi ile wanajua kwamba kuna majira yake, kama ndizi inavyokuwa na majira ya kuiva. Mtoto aliyekuwa akiona vijiti na vikombe ubaoni, ghafla anaona neno. Ukimshika mkono majira yale, amevuka, hutamrudisha tena hata ukitaka. Ukimwacha, neno linarudi kuwa vijiti na vikombe, na kumvusha mara ya pili ni kazi ya miaka. Wenzake wengi walikuwa ndiyo kwanza wanavuka. Chiku alikuwa amebakiza kidogo tu.

Tangazo la waziri likawakuta hapo.

Bwana Kihwelo alimwita Sikudhani ofisini akamweleza kwa upole. Atoke darasani mpaka apate leseni. Akiipata kabla shule hazijafungwa, atarudi kwa watoto wake. Asipoipata, nafasi atapewa mwenye leseni, moja kwa moja. Sikudhani akauliza ni nani huyo. Mwalimu Mkuu akasema serikali ina watu wengi wenye leseni, asiwe na wasiwasi. Na ilikuwa kweli. Mwezi ule katika nchi yetu wenye leseni ya kufundisha walikuwa wengi kuliko wanaojua kusoma.

*

Wa kumsaidia kuchagua programu alikuwa Mwalimu Fidea wa darasa la nne, rafiki yake, ambaye leseni alikuwa ameshaipata. Walikaa kwenye benchi nyuma ya jiko la uji la shule, Fidea akafungua simu, akamwonyesha orodha ya wizara. Programu zilikuwa tatu, na zote zilikwenda kwa mtindo mmoja. Unasomewa somo, kisha linatokea swali, Umeelewa? Chini yake vitufe viwili, cha kijani kimeandikwa Ndiyo na cha kijivu kimeandikwa Bado.

Ya kwanza iliitwa Almasi. Katika Almasi, Ndiyo ilikuwa ikijibonyeza yenyewe. Msomi aliweza kulala, kusafiri, hata kufariki dunia, na leseni ikamfikia mahali alipo. Hii ilikuwa ya wenye uwezo. Ya pili iliitwa Fedha, na humo ulikuwa unabonyezewa na msaidizi, kijana mwenye shahada aliyeketi ofisini mjini akielewa kwa niaba yako. Fidea alipitia hiyo. Aliuza cherehani.

Ya tatu ilikuwa Nafuu kwa Wote. Humo ulibonyeza mwenyewe. Tangazo lake lilikuwa na picha ya mama akiichekea simu, na maneno: Elimu Bora kwa Kidole Chako.

Fidea alimshauri mwenzake auze kitu aingie Fedha, apumzike. Sikudhani akajipekua akilini. Kilichokuwa na sura ya mali nyumbani kwake ni jokofu, nalo lilikuwa limekata roho siku nyingi, analiwekea madaftari.

"Basi chukua Nafuu, mwenzangu," Fidea akasema. "Ni ileile. Kitufe kilekile, tofauti ni kidole cha nani."

"Na masomo yenyewe je? Yakoje?"

"Masomo yapi?" Fidea akauliza, na hakuwa anatania.

Sikudhani akajiunga na Nafuu. Walimu wenzake wakamsifu kwa busara. Bei yake ilikuwa kama ya mfuko wa saruji, na wote waliomaliza kabla yake walikuwa wamemaliza kwa siku moja, wengine wakiwa foleni ya maji.

*

Somo la kwanza lilitolewa na bwana mmoja mwenye suti, nyuma yake michoro ya rangi ikipanda na kushuka bila kusema inapima nini. Alisema hivi: "Ufundishaji ni mchakato tendeshi-shirikishi unaojielekeza katika kujijengea umahiri wa kujielekeza." Akatabasamu. Swali likatokea. Umeelewa?

Sikudhani aliketi mezani jikoni kwake, akalisikiliza tena. Kisha akachukua penseli akaliandika lile fungu la maneno, akalikata vipande kama anavyowakatia watoto, akavigeuza kimoja kimoja. Alipomaliza alikuwa amebakiwa na neno moja tu aliloweza kulidhamini, nalo ni "ni."

Akabonyeza Bado.

Msimdhanie vibaya. Hakuwa mpinzani, hakuwa na chama, hata kwenye kikoba cha kuweka na kukopa alikuwa akikaa nyuma. Aliona kitufe kipo, akadhani kimewekwa kwa sababu. Kosa kama hilo katika nchi yetu lingeweza kufanywa na mtu mmoja tu, yule aliyezoea kukaa na watoto wa miaka saba wanaosema kweli.

Simu ikanyamaza kidogo, kama iliyoulizwa umri wake. Kisha bwana wa suti akarudi, akaanza upya, neno kwa neno, na tabasamu lilelile mahali palepale. Sikudhani akasikiliza kwa adabu. Akabonyeza Bado.

Huko wizarani ikawaka taa nyekundu ambayo hakuna aliyejua kazi yake. Watumishi wakadhani ni moto, wakatoka nje kwa mstari, wakanywa soda wakisubiri ghorofa liungue. Lilipokataa, akaitwa fundi, fundi akasoma mtambo, akasema kwa sauti ya msibani kwamba kuna mtu nchini amebonyeza Bado.

Ujumbe ulifika kwa Sikudhani na magari matatu. Uliongozwa na Bwana Mshangila, Mkurugenzi wa Maelewano, mtu mnene mwenye haya, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kukutana na mtu asiyeelewa, akawa anamtazama mwenyeji wake kwa huruma kama mgonjwa. Alitaka kujua ni kitu gani hasa hakikueleweka. Akaonyeshwa. Bwana Mshangila akacheka kwa nafuu, akasema kumbe ni hilo tu, jambo jepesi kabisa, maana yake ni hii. Akalisoma fungu lilelile, polepole. Sikudhani akasema bado. Naibu wake akalipokea, akalisoma kwa sauti ya juu. Bado. Dereva, ambaye alikuwa mwanakwaya, akaombwa ajaribu, na kwa kweli alilisoma vizuri mno, na alipofika kwenye "kujielekeza" naibu mkurugenzi alitokwa na machozi. Lakini bado.

Mkurugenzi akajifuta jasho.

"Mama yangu, tatizo hapa si kuelewa. Tatizo ni kubonyeza."

"Na hiki cha Bado, baba, kimewekwa cha nini?"

"Kimewekwa kwa ajili ya uhuru wa kuchagua," akasema Bwana Mshangila taratibu, kama amwelezaye mtoto hatari ya moto. "Hakikuwekwa kibonyezwe."

Wakanywa chai, wakasaini posho, wakaondoka. Taarifa yao ilieleza kwamba somo ni zuri, mwananchi ni mzuri, kasoro ipo katika sikio.

*

Huku nyuma, darasa la kwanza halikuachwa yatima. Serikali ilililetea mwalimu mwenye leseni, na leseni yenyewe ya Almasi.

Mwalimu huyu alikuwa simu.

Ilitokea hivi. Diwani wa kata ile, ili awe mfano kwa wananchi, alijiunga na Almasi, akaiacha simu yake kwenye chaji na kwenda zake kwenye semina. Aliporudi, masomo yote yalikuwa yamejisoma na kujielewa. Lakini kwa kuwa uandikishaji wote wa mtandaoni hufanywa kwa namba ya simu, leseni haikutoka kwa jina la diwani. Ilitoka kwa jina la namba. Wanasheria wa wizara wakakaa, wakaona hakuna njia. Aliyesoma ni simu, aliyeelewa ni simu, na ushahidi upo. Diwani akanunua simu nyingine. Ile ya kwanza ikaajiriwa, ikapangiwa kituo, ikawekwa juu ya meza ya darasa la kwanza, imeegemezwa kwenye kikombe kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Namba yake ndefu ikawashinda watoto, wakaishika mwanzo wake. Wakawa wanasimama wanasema, "Shikamoo, Mwalimu Sifuri Saba."

Sifuri Saba hakuwa na maneno na mtu. Katika vikao vya walimu alikaa kimya mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo Bwana Kihwelo alilisifu mbele ya wengine. Chaji ikishuka alikuwa akipewa likizo. Fidea alinung'unika alipogundua kwamba kwa ngazi ya mshahara amepitwa, akaambiwa ajiendeleze.

Darasani, Sifuri Saba alisoma somo lake, akauliza kwa sauti kubwa, "Mmeelewa?" akasubiri. Wale watoto, kwa malezi mabaya waliyoyapata, walisikiliza, wakafikiri, wakatazamana. Kisha Chiku akasema, "Bado, mwalimu."

Sifuri Saba akarudi mwanzo.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwa waraka wa wizara, somo halijaisha mpaka darasa liseme ndiyo. Na kwa waraka mwingine wa wizara hiyohiyo, uji wa saa nne hunywewa somo likishaisha. Nyaraka mbili hizi zilikuwa zimeandikwa na watu wawili wasiojuana, katika miaka tofauti, na kila mmoja alikuwa na nia njema. Madarasa mengine yakanguruma ndiyooo, yakatoka na vikombe. Darasa la kwanza likasikiliza somo tena. Mama wa uji alisimama mlangoni na ndoo yake na kata, uji ukaota utando, akaurudisha jikoni. Jua lilipofika utosini watoto wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Kesho yake hivyohivyo, na siku zilizofuata hivyohivyo.

Msidhani walikuwa wakaidi. Walikuwa wanasema walivyofundishwa. Mmoja aliinamia dawati asubuhi, wenzake wakadhani amelala, na alipoitwa akachelewa sana kuinua kichwa. Wazazi walikuja shuleni kuuliza. Bwana Kihwelo akawasomea nyaraka zote mbili, kisha akawauliza kama wameelewana. Wakaitikia ndiyooo, wakarudi makwao.

*

Waziri mwenyewe alikuja. Bado mbili katika kata moja, ya mwalimu nyumbani na ya watoto darasani, ilikuwa ni mlipuko. Uwanja wa mpira ulifagiliwa, safari hii na darasa la saba, na kiti chake kikawekewa zulia. Aliongea muda mrefu. Alisema nchi imetoka mbali, akaitaja ilikotoka, na akaahidi kuturudisha. Kisha akaingia kwenye jambo lenyewe.

"Ndugu wananchi. Ndiyo ni neno lenye mwisho. Mtu akisema ndiyo, tunafunga kikao tunakwenda kula. Lakini bado ni shimo. Unamwaga bajeti, bado. Unamwaga wataalamu, bado. Taifa haliwezi kujengwa juu ya shimo."

Makofi.

"Nimesikia wapo wanaosema eti watoto wananyimwa uji. Ni uongo. Uji upo, umepikwa, nimeuonja, una sukari. Hakuna anayewasubirisha watoto. Watoto ndio wanaousubirisha uji."

Akamalizia kwa kusema kwamba shule zitafungwa Ijumaa ijayo, na siku hiyohiyo nafasi ya darasa la kwanza itafungwa nayo, kwa Sifuri Saba, hata akistaafu. Akauliza kama tumeelewana. Sisi tuliokuwa pale tuliitikia vizuri. Sikudhani alikuwa nyuma kabisa, karibu na tangi la maji, hakuitikia na hakukataa, alikuwa anatazama upande wa mlango wa darasa lake. Bwana Mshangila alipita karibu naye akilifuata gari, akamsihi kwa sauti ya ndani amhurumie, kwani ile taa nyekundu ofisini kwake hailali, naye ana shinikizo la damu.

*

Sheria ilimkataza asiye na leseni kuingia darasani. Ya dirishani haikusema kitu, kwa kuwa waliotunga sheria walikumbuka madirisha ya kwao, yenye vioo. Asubuhi iliyofuata Sikudhani akaja akasimama nje, mikono juu ya kizingiti cha dirisha.

Watoto walimwona, wakaketi wima. Waliokuwa wameinama wakainuka. Sifuri Saba akamaliza somo, akauliza, "Mmeelewa?" na mama wa uji akasogea mlangoni na kata mkononi, akitazama chini.

Chiku alikuwa na midomo mikavu. Akasimama, akasema, "Bado, mwalimu," kisha akageukia dirishani, kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi na chenji kamili. Darasa zima likageuka naye. Walikuwa wanangoja wasifiwe.

Mezani, Sifuri Saba alikuwa ameshaanza upya.

"Chiku," akaita. "Sema ndiyo."

"Sijaelewa, mwalimu."

"Najua. Sema tu."

Chiku akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri, ndiyo sababu alichelewa.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mnywe uji."

"Na kesho?"

Mama wa uji aliiweka ndoo chini. Sikudhani akaangalia mikono yake.

"Na kesho," akasema.

Basi akawafundisha. Aliwafundisha kama alivyowafundisha kila kitu, bila kupayuka, akianza na walio mbele na kumalizia kwa walio nyuma, akirudia kwa ajili ya wanaochelewa. Mara ya kwanza walitoa vipandevipande, wengine ndi, wengine yo. Mara ya pili baadhi walichekacheka. Alikuwa mwalimu mzuri na somo lilikuwa fupi. Ilipofika mara ya tatu ikatoka nzima, ya kuvuta, ikapanda mwishoni, na kwa mara ya kwanza tangu shule ile ijengwe mabati ya darasa la kwanza yakatikisika.

"Hongereni sana," akasema Sifuri Saba, akajizima.

Uji ukagawiwa. Wakanywa.

Sikudhani akaenda nyumbani, akabandika maharage, akaketi mezani. Bwana wa suti akaja na tabasamu lake. Hakumsubiri amalize. Akabonyeza Ndiyo, likaja somo la pili, akabonyeza, likaja la tatu, akabonyeza huku akichochea moto kwa mkono mwingine. Alizipita Saikolojia ya Mtoto, Maadili ya Kazi, na Namna ya Kumsikiliza Mwanafunzi, na zote zilikuwa kitufe kile cha kijani mahali palepale. Karatasi za rangi za pongezi zikaanguka ndani ya kioo cha simu, leseni ikatoka. Maharage yalikuwa hayajaiva.

Bwana Mshangila alimpigia simu yeye mwenyewe. Alisema taa imezimika, na kwamba katika maisha yake hajapata kuona mtu aliyeelewa mengi kiasi kile kwa muda mfupi namna ile.

*

Alirudi darasani siku chache kabla ya kufunga, na nafasi ikawa yake. Sifuri Saba hakuumizwa. Alipandishwa cheo kuwa Afisa Elimu wa Kata, akapewa ofisi yenye soketi mbili.

Watoto walisimama wakamwamkia. Mwalimu akaitikia marahaba, akawatazama mstari kwa mstari. Walikuwa wamenenepa kidogo. Akatoa chaki na vile vizibo vya soda, akavipanga mezani, kisha akawauliza kama wanakumbuka walipoishia.

"Ndiyooo."

Akatabasamu. Akasema vizuri, sasa waeleze, waliishia wapi?

"Ndiyooo."

Kisha akageukia ubao akaandika neno moja fupi, lile ambalo darasa lilikuwa linakaribia kulivuka siku alipotolewa. Hakuwauliza wote. Alikwenda mpaka kwenye dawati la Chiku, akachutama kando yake kama zamani, akamwonyesha ubaoni, akamnong'oneza asiwe na haraka, hapa hakuna anayechekwa.

"Pale pameandikwa nini, Chiku?"

Chiku aliliangalia lile neno. Hakufikiri.

"Ndiyo, mwalimu," akasema kwa adabu, akageuka kutazama mlango.

Na kweli, mama wa uji akaingia na ndoo.